Pasaka Katika Ukumbi wa Msikiti

Orehovitsa, 12 Januari 2023

Binti yangu Sevdie,

Assalam alaykum. Sisi wazima, ila goti la mama yako linaijua theluji kabla ya redio. Wewe je? Yule bibi unayemuuguza huko Zaragoza bado anakufokea?

Huku theluji imeangusha paa la kanisa. Namshukuru Mungu ilikuwa mchana na hapakuwa na mtu ndani. Kostadinka, mtunza kanisa, alikuja akakaa jikoni kwetu bila hata kuvua koti, akasema, "Arif, Pasaka mwaka huu nitasali zizini na mbuzi." Padri Metodi aliomba ukumbi wa serikali ya kijiji, akaambiwa hauna umeme. Basi nikawaambia waje kwetu, ukumbi wa chini ya msikiti, pale tunapofuturu. Mama yako alinitazama akasema, "Wewe ndiye imamu. Lakini mapazia yale lazima yafuliwe kwanza."

Usiwe na wasiwasi.

Baba yako


Zaragoza, 6 Februari 2023

Baba,

Shikamoo. Mama hajambo na goti lake? Mimi mzima wa mwili tu, moyo hapana.

Unaniambia nisiwe na wasiwasi! Mtu amekurekodi ukitangaza jambo lako baada ya sala ya Ijumaa, na video imefika mpaka huku. Juzi sokoni nimeulizwa kama baba yangu ameshabatizwa. Ukumbi wetu, tena Ramadhani!

Wewe mwenyewe ndiye uliyenisimulia jinsi askari wa serikali walivyokuja kutufutia majina ya Kiislamu, babu Ali akaandikwa Angel huku ameshikwa mikono. Siku ile, Baba, Wakristo wa Orehovitsa walitufungulia mlango gani? Na ukifukuzwa kazi kwa ajili yao, mtakula nini? Waambie umebadili mawazo. Nakusihi.

Mwanao,
Sevdie


Orehovitsa, 25 Machi 2023

Sevdie wangu,

Ramadhani njema, mama. Huku tumeanza vizuri, baridi inatusaidia, kiu hatuisikii.

Umeuliza walitufungulia mlango gani. Nikwambie. Nilikuwa mtoto, na Kostadinka alikuwa msichana ambaye hajaolewa. Alfajiri ile aliyaona malori darajani, akapanda mnara wa kanisa akaipiga kengele kama kijiji kinaungua. Sote tukakimbilia msituni, mimi mgongoni kwa babu yako. Majina walituchukua baadaye, kweli. Lakini vijiji vingine vilizika watu, chetu hakikuzika. Yeye walimfungia mjini kipupwe chote. Aliporudi alituomba tusimtaje, wasije wakamrudia, nasi tukazoea kunyamaza. Juzi nilimwomba ruhusa nikwambie. Akasema, "Mwambie. Mimi sasa wa kuogopa nani?"

Wakubwa wetu wa dini wameniandikia: nifunge ukumbi, la sivyo watanisimamisha. Askofu naye amemkataza Metodi. Kwa hili wamepatana!

Jumapili walikuja vijana wa mjini na bendera, wakapiga kelele kwamba tunataka kuwasilimisha wazee wa Kikristo. Mama yako akatoka na mwiko mkononi. "Wewe mrefu, mtoto wa nani?"

"Mimi nimekuja kutetea kanisa, bibi!"

"Haya, kanisa lile pale. Koleo hili hapa. Kaondoe theluji madhabahuni."

Hakuna aliyelishika. Walipoona Kostadinka mwenyewe anaanza kuchota theluji, walikunja bendera wakaondoka.

Baba yako


Orehovitsa, 24 Aprili 2023

Sevdie,

Eid mubarak, mwanangu. Tuko salama. Hujanijibu, na simu yako hailii. Nakuandikia hivyo hivyo.

Jumamosi ya mkesha wa Pasaka tulikuwa tunafuturu, nao Wakristo wamejipanga nje kwa adabu wakisubiri tumalize. Mama yako akafungua mlango: "Mnangoja nini, supu ipoe?" Nao walikuwa na mfungo wao, nyama hawagusi, wakala maharage. Nilikuwa sijapata kuona ukumbi mzima una njaa ya namna mbili.

Metodi alifika. Nikamwuliza, "Askofu je?"

"Amenikataza kusalisha msikitini," akasema. "Hapa nanusa vitunguu. Hapa ni jikoni."

Tukaondoa meza, wakawasha mishumaa. Sisi wanaume tulisimama nje ya mlango, maana wale wa bendera walikuwa wamerudi na filimbi. Walipiga filimbi, sisi tukasimama tu, bega kwa bega, mpaka wakaishiwa pumzi. Ndani nikasikia wazee wakiimba kwamba Kristo amefufuka. Si imani yangu, unajua. Lakini niliona fahari kama mwenye harusi.

Ikaja Eid. Barua ya kunisimamisha ilikuwa imeshafika, na kutoka mjini wakaleta imamu mwingine, kijana msomi, mpole. Msikiti ulijaa hadi uani. Hakuna aliyemtukana. Alisogea mbele, akageuka kutazama safu, akaniona nimekaa nyuma karibu na viatu. Akauliza, "Yule mzee ndiye Arif efendi, imamu wa hapa?" Wakamjibu ndiye. Akapita kati ya safu, akaja mpaka nilipo.

"Mimi ni mgeni hapa," akasema, kila mtu akisikia. "Siwezi kumsalisha mwenye nyumba ndani ya nyumba yake. Inuka, mzee wangu."

Watu wakaninyanyua. Nilipotoa takbira, sauti zilizonifuata zilitikisa vioo. Yule kijana alisali nyuma yangu, kisha akala kwetu keki za baklava mpaka mama yako akampenda.

Sijui wakubwa watasemaje. Niandikie, hata kunigombeza.

Baba yako


Zaragoza, 3 Mei 2023

Baba yangu,

Shikamoo, na Eid mubarak, ingawa imechelewa. Nisamehe. Simu ilianguka, lakini hiyo si sababu. Niliisoma barua yako ya Machi nikaona haya kuandika.

Jumapili nilikwenda pale wanapokutana wajenzi wetu wa Orehovitsa. Nikasimama juu ya kiti nikawasomea habari ya kengele. Wengine walikuwa hawaijui kabisa, Waislamu kwa Wakristo. Walizozana, ndiyo. Mmoja wa Waislamu alisema kanisa lijengwe na wenye kanisa. Basi Hasan, yule fundi paa mwenye mdomo, akamwambia, "Baba yako alikimbilia msituni au hakukimbia? Wewe ungezaliwa wapi?" Jamaa akauliza boriti zitakuwa za msonobari au za mwaloni.

Agosti wote wana likizo. Wanakuja na gari lao na misumeno yao. Mwambie Kostadinka asimtafute fundi mwingine. Na mimi nitakuja, Baba. Niwekee kitanda.

Mwanao,
Sevdie


Orehovitsa, 28 Oktoba 2023

Binti yangu,

Assalam alaykum. Tuko wazima, nyumba ni kimya tangu uondoke, na koti lako umelisahau.

Juzi, sikukuu ya Mtakatifu Dimitri, kanisa limefunguliwa. Askofu alikuja mwenyewe. Alilitazama paa muda mrefu, akauliza ni fundi gani aliyeezeka vizuri hivi. Kostadinka akamjibu kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani: "Hasan, Mehmed, Stoyan, Salih na Ilia!" Askofu akarudia majina yote matano, akayaombea moja moja, kisha akampa Metodi mkono mbele ya watu. Mchana tukala ukumbini kwetu, maana kanisani hakuna nafasi ya masufuria. Askofu aliomba kuongezwa supu.

Na jana, Ijumaa, imekuja barua kutoka kwa wakubwa wetu. Nilikuwa mlangoni navaa viatu kwenda kusalisha, kama kila Ijumaa. Mama yako akapaza sauti kutoka jikoni, "Wanasemaje?"

"Wanasema sasa naruhusiwa kusalisha."

"Basi nenda, Arif, umeshachelewa! Watu wamejaa mpaka kwenye ngazi."

Baba yako,
imamu wa Orehovitsa