Arobaini na Moja za Mzee

"Mashine ndiyo inipe mimi arobaini na moja? Mimi?!"

Kaka, baba ametoka kunifokea hivyo sasa hivi, mpaka miwani ikamteleza puani.

Kosa ni langu. Nilikuwa namwonyesha ile programu ya simu ya kusahihisha insha, kwamba nikimaliza chuo cha ualimu nitaitumia. Nikapiga picha insha yake ya mfano, ile anayowasomea wanafunzi wake kila mwaka. Arobaini na moja kwa mia! Na mimi mjinga nikacheka. Nikacheka, kaka!

Nikajitetea, "Baba, una wanafunzi themanini, hii itakupunguzia kazi."

Akaniuliza, "Na yule aliyeandika ovyo kwa sababu usiku kucha alimuuguza bibi yake, simu yako itamjua?"

Nikaitia simu mfukoni.

Tangu matokeo ya mtihani yatoke nikapata nafasi ya ualimu, ananiita "mwalimu mwenzangu". Na tangu wewe uhame, sina mwingine wa kupiga naye soga zaidi yake. Leo kasema, "Wewe kijana, nenda ukafundishwe na simu."

Nikatoka. Mlango nimeufunga polepole kabisa, asije akadhani nimeubamiza.