Isale la Jotham

Minneapolis,
14 Septemba 1996

Dada yangu mpendwa Eliakunda,

Shikamoo. Natumaini goti la Mama limepata nafuu na kahawa mmeanza kuichuma. Mimi ni mzima, ila midomo imebabuka kwa jua.

Usishangae kusikia habari za jua kutoka kwenye nchi ya barafu. Juzijuzi nimerudi kutoka Niger, jangwani. Usharika wetu hapa mtaa wa Phillips umeahidi kupeleka mafundi wawili wa kujitolea wakachimbe visima huko kwa miaka miwili. Kamati ikataka muuguzi atangulie, aone kama mtu anaweza kuishi pale. Nikachaguliwa mimi.

Dada, pale ni mchanga mtupu. Nililala kwenye chumba cha udongo chenye mlango wa bati ambao mchana huwezi kuugusa. Maji yana chumvi, na upepo ukivuma mtu anatafuna mchanga pamoja na ugali wa mtama. Wenyeji ni wema mno. Mama mmoja aliniletea maji ya kunawa kila jioni, nami nikamshukuru kwa kuinamisha kichwa tu, maana hakuna anayejua Kiswahili wala Kiingereza. Siku ya nne nilijikuta namwamkia mbuzi wake. Siku ya tisa nililia kama mtoto. Na mimi nilikaa wiki mbili tu.

Sasa nikuambie fundi mmojawapo ni nani. Ni Jotham. Ndiyo, huyo huyo Jotham wako, aliyetuma ile barua wakati mbege ya posa imeshanyweka na vikao vya harusi vimeanza. Alisema miaka miwili ya kukungoja imemshinda, eti upweke utamuua, kwa hiyo ameoa huku. Mke huyo alimkimbia mwaka jana. Siku hizi anaimba kwaya na kujitolea kwa kila kitu.

Mwenzake alikuwa awe Naftali, kwa sababu kanuni yetu ni kwenda wawili wawili. Mimi nikaandika kwenye ripoti kwamba kazi ni ya mtu mmoja, mahali ni patulivu, na anayefaa ni Jotham. Susan, yule Mkenya mwenyekiti wetu, aliniuliza kama niko sure, kama nime-check vizuri. Nikamjibu kwamba niko sure kabisa. Jotham alinishika mikono yote miwili akanishukuru. Nilifurahi, dada. Nilikukumbuka ulivyojificha jikoni mwaka mzima usiende hata kanisani, nikafurahi mpaka nikashindwa kula.

Kuna jambo moja nimekuficha. Kabla sijasafiri, Jotham alinifuata kazini kwangu, kwenye nyumba ya wazee kule Saint Louis Park. Pale ukumbini wamepanda masale kwenye vyungu kuwa mapambo, na hawajui wamepanda nini. Akachuma jani moja mbele yangu, akalifunga fundo kama inavyotakiwa, akaniomba nikutumie wewe. Alikuwa analia.

Unajua mwenyewe kwamba kwetu isale la kuomba radhi halikataliwi. Ungelipokea tu, ungekuwa umemsamehe, utake usitake. Kwa hiyo sikulituma. Nilienda nalo jangwani nikampa yule mbuzi. Nililishika kwa mkono wangu mpaka akamaliza fundo.

Msamaha ulikuwa wako, si wangu, na hilo tu ndilo linaloninyima raha. Ukitaka kumsamehe, masale yamejaa mpakani mwa kihamba chetu cha kahawa. Kata moja, ulifunge, unitumie, nami nitaiambia kamati ukweli wote. Barua huchukua wiki tatu kufika Machame. Yeye anaondoka Jumatatu, peke yake. Nilijua hivyo nilipokaa kuandika.

Nisalimie Mama, na umwambie dawa ya goti nitamtumia. Wasalimie na majirani wote, hata wale waliokucheka.

Ni mimi mdogo wako,
Elinaja