Sasisho Nililoliahirisha

Jumanne, baada ya magharibi

Bosi wangu, Mama Rehema, amenisifu kwa kurudisha haraka mtandao wa hospitali. Laiti angejua.

Asubuhi mtu tusiyemjua alituma ujumbe ulioharibiwa makusudi kwenye programu inayobadilisha funguo za siri, zile zinazozuia wengine kusoma taarifa za wagonjwa, kati ya hospitali yetu na kituo cha afya cha Kisaki. Programu ikajizima, mawasiliano yakakatika. Nesi wa Kisaki akapiga simu: "Kaka, nina mjamzito hapa, hali yake siyo nzuri, na majibu ya damu siyaoni!" Nikakimbilia maabara yetu, nikamsomea majibu kwa simu.

Sasisho la kuziba tundu la usalama alilopitia mtu huyo ninalo tangu mwezi uliopita. Niliona uvivu tu kuliweka.

Mgonjwa anaendelea vizuri. Kesho nitamwambia Mama Rehema ukweli, kabla hajanisifia tena kwenye kikao cha wafanyakazi.