Maji Matamu Yamelala Juu

Mama yangu kipenzi,

Huko uliko barua haifiki, dua ndiyo inayofika, nami nakuombea. Lakini hili la kisima nimeona nikuandikie, maana hakuna mwingine atakayelielewa kama wewe.

Unakumbuka siku uliyonipeleka mara ya kwanza? Nilidhani tunakwenda kuchota tu. Ukanikalisha ukingoni, kwenye mawe ya matumbawe yaliyopangwa na wazee waliohamia kisiwani kabla ya babu wa babu yako, ukaniambia nitazame. Bahari ilikuwa inajaa kule ufukweni, na maji ya kisima nayo yakapanda polepole, jiwe baada ya jiwe. Nikaonja: matamu. Nikakuuliza kama ni uchawi, ukacheka hadi leso ikakuanguka kichwani.

"Si uchawi, mwanangu. Maji ya mvua yameilalia bahari humu chini. Chota juujuu kwa kata, usiiamshe."

Mpaka leo nikiinama pale mwili hunisisimka. Kisiwa kizima, wavuvi, watoto na mbuzi, tunaishi kwa maji machache yaliyobebwa na bahari mgongoni. Wale wazee walijuaje?

Sasa sikia. Mwaka jana Bakari, mwanao, alituletea pampu kutoka Ukunda. Alifanya kwa mapenzi. "Mama kachota kwa kata mpaka mgongo ukapinda," alisema. "Dada zangu hawatapinda." Tulipiga vigelegele, mama, na mimi nilikuwa wa mbele. Maji yakaruka hadi ndoo zikafurika, tukaosha mpaka majamvi. Haraka haraka haina baraka. Kabla mwezi haujaandama tena, chai ikawa na chumvi. Pampu ilikwisha kunyonya yaliyo juu, ikaiamsha bahari. Tukawa tunavuka hadi Bodo, ng'ambo ya bara, na madumu, na wavuvi wakigombana na wake zao juu ya nani apande chomboni, mtu au maji.

Wakati huo mwanangu Rukia, mjukuu wako, alikuwa mjamzito, akarudi kujifungulia kwetu. Nawe wajua, mtoto wa kisiwa huogeshwa mara ya kwanza kwa maji ya kisima kile. Ulituogesha sote. Niliogopa, mama. Niliona jambo lililoanzwa na wale wazee litakatikia mikononi mwangu.

Bakari aliing'oa pampu mwenyewe, hakuambiwa na mtu. Kisima kikaachwa kipumzike masika yote.

Mtoto alizaliwa Ijumaa, msichana. Maji yalipojaa tukaenda kisimani, wanawake wote, na Bakari nyuma yetu kama mshtakiwa. Kata wakanipa mimi, maana wewe ndiwe uliyekuwa ukituonjea, na hupo. Nikasema bismillahi, nikachota juujuu, nikaonja.

Chumvi.

Nikainamisha kichwa, nisiweze kuwatazama. Ndipo Bakari akasogea, akaniambia taratibu, "Dada, futa uso kwanza. Unalia ndani ya kata."

Nikajifuta kwa leso. Nikachota tena, nikaonja, kisha nikampa yeye kata. Alikunywa mpaka tone la mwisho, akaomba nyingine.

Mola akulaze pema, mama. Mtoto ameoga.

Mwanao wa kwanza, ambaye sasa naye ni bibi