Dada Anatimiza Sitini, Katuni Inakimbia

Mpendwa Mama Mshauri, naomba msaada, ingawa kwa kawaida mimi ndiye ninayeombwa, maana mtaa huu kompyuta ikikohoa tu wanasema mwiteni Mjomba, na kuna siku niliitazama moja kwa jicho kali ikawaka yenyewe bila umeme, mashahidi wapo. Sasa mwisho wa mwezi dada yangu anatimiza miaka sitini, na binti yake amemtengenezea katuni kwenye kompyuta: mama mtu anacheza na ufagio sebuleni, huku sauti yake mwenyewe ikiimba. Picha mia saba na ishirini, mpwa wangu kazichora moja moja, miezi mitatu, zitoshe wimbo wa dakika moja. Juzi akatoka kununua mkate, akasema, "Mjomba, nilindie tu, usiguse." Mimi huyu, wa kuambiwa usiguse? Nikasogea, nikaona pembeni pameandikwa picha kwa sekunde: 12. Nikachukia. Dada yangu mtu mzima apewe kumi na mbili kama mtoto wa shule? Nikafuta, nikaandika 60, kwa heshima yake.

Aliporudi akaiwasha. Mama we! Dada alicheza kama aliyekalia siafu, ufagio hata hauonekani, kufumba na kufumbua picha zimekwisha, kioo cheusi, na wimbo ndio kwanza unaanza kunoga. Nilicheka hadi nikashika meza. Yeye hakucheka. "Mjomba, kumbe nilihesabu vibaya, picha hazitoshi," akaanza kuchora nyingine, na tangu hapo hajainua kichwa, vidole vimevimba, nami nampelekea chai na kumwambia kaza buti. Nikisema ukweli, utaalamu wangu umekwenda na maji. Nisiposema, mtoto atamaliza mkono. Nifanyeje?

Mjomba Mtaalamu

*

Mjomba Mtaalamu,

Nimecheka, kisha nikakasirika. Kwa mwendo wako huo, binti anadaiwa picha elfu mbili mia nane na themanini zaidi, na wewe unamletea chai! Sitini ni umri wa dada yako; kumi na mbili ni mwendo wa miguu yake. Picha hazikupungua hata moja, umezikimbiza tu mara tano.

Weka gazeti chini, nenda ukamwambie: "Mwanangu, ni mimi." Maneno matatu, hayaui. Kisha atunze nakala ya hiyo ya mbio, aziweke kando picha alizoongeza, arudishe 12. Siku ya sherehe aonyeshe kwanza ya taratibu, halafu ya mbio, watu wacheke. Nawe usikaribie kibodi mpaka dada atimize sabini.

*

Mama Mshauri,

Nilisema. Mpwa wangu alinikodolea macho, akaandika 12, na dada akarudi kucheza kwa madaha, ufagio huo unaonekana hadi nyuzi zake. Ndipo mpwa aliponirushia mto wa kiti, akacheka mpaka akakaa chini.

Kwenye sherehe, ile ya taratibu ilimliza dada. Ya mbio ilipoanza akaruka, "Rudia! Huyo ndiye mimi asubuhi nikichelewa kazini!" Tuliirudia mara tisa, na wageni wote walinipongeza mimi.

Limebaki jambo moja dogo. Barua hii kaichapa mpwa wangu, mimi nasema tu. Kwenye kompyuta najua kuandika sitini peke yake, na hata hiyo sifuri niliitafuta sana.