Niliyokuficha kwenye simu

Bur Dubai, 9 Machi 2016

Shangazi yangu Biubwa,

Shikamoo. Mimi mzima, na magauni uliyonishonea bado yananienea.

Juzi nilikwenda saluni moja kubwa hapa mtaani. Sikulipa. Rafiki yangu Angella, Mganda, anafanya kazi pale mapokezi, na walitaka mtu wa kujaribia mashine mpya. Nililazwa, nikapulizwa hewa ya baridi usoni, kisha nikavishwa kinyago kinachotoa mwanga mwekundu. Dada wa Kifilipino aliyenihudumia akaniuliza, "Nani alikutunza ngozi hivi?"

"Shangazi yangu," nikamjibu.

Hapo nikakumbuka zile siku saba ulizonifungia ndani kabla ya harusi, ukinisugua singo ya liwa na asmini. Mimi nacheka kwa kutekenywa, wewe unanikemea, "Tulia, mwali hachekicheki." Harufu ile ilikaa kwenye mto wangu mwezi mzima.

Machozi yakanitoka ndani ya kinyago. Yule dada akazima mashine. "Inakuunguza?"

"Hapana. Endelea."

Shangazi, kila ukipiga simu nakwambia Amour yuko kazini. Amour ameniacha tangu Novemba, yuko Rashidiya na mke mwingine. Wewe ndiye uliyenipamba, nikaona haya kana kwamba kazi yako nimeiharibu. Kwa simu ulimi ulinigoma, ndiyo maana naandika.

Nafika Alhamisi, tarehe 24, mchana. Mama usimwambie, nitamwambia mwenyewe. Uwanja wa ndege njoo wewe, peke yako.

Mwanao,
Zamzam