Sauti ya Kupeleka Yatta

Jumapili, 4 Agosti 2002

Sauti imepotea! Kanisani nimesimama niombee sadaka, nikafungua mdomo, kikatoka kitu kama mlango usiotiwa mafuta. Watu wamecheka. Hata pasta amecheka. Kikohozi kilianza Ijumaa, mafua jana, nikadharau — na hii baridi ya Agosti hapa Machakos nani hakohoi? Lakini sauti! Mimi Mulwa, mshika maikrofoni wa kila harusi na kila matanga kutoka hapa mpaka Kivaa!

Na Jumamosi tunaenda Yatta kumposea Mutiso. Ni mtoto wa marehemu kaka yangu, mimi ndiye nimemlea, mimi ndiye wa kumsemea. Msichana anaitwa Waithira. Babake ni mzee Gathogo, mfanyabiashara wa Matuu, huko huko Yatta, na nasikia kwa mambo ya mahari huyo mzee hapunguzi hata kwato. Nikikosa sauti atasema binamu yangu Maundu. Maundu! Mwaka jana alienda posa ya watu, akaona chapati ni laini, akafurahi, akaongeza mbuzi wawili hata hajaulizwa.

Lazima nipone. Nimemwambia bibi yangu Kamanthe, yaani nimemwonyesha kwa mikono. Ameniangalia, akasema leo nyumba imetulia vizuri.

Jumatatu, 5 Agosti

Nimeenda kliniki. Daktari ni Fathia, binti ya Isse muuza mifugo — nilimjua akiwa hana meno ya mbele, leo ananiambia nifungue mdomo niseme aaa. Sina hiyo aaa. Amemulika koo, amesikiza kifua mbele na nyuma. Ati ni virusi. Ati antibayotiki ni ya kuua bakteria, virusi haishtuki hata kidogo. Nipumzike, ninywe vitu moto, ninyamaze, mwili utajiponya wenyewe. Wiki moja, pengine siku kumi. Homa ikipanda ama kifua kianze kuuma, nirudi mbio.

Nimemnong'oneza: sindano je? Hapana. Ndogo tu? Hapana. Nusu? Amecheka, akasema, "Mzee Mulwa, hapa si kwa baba, hatuuzi mbuzi."

Nimetoka mikono mitupu. Nani anaenda hospitali anarudi bila hata kidonge kimoja? Siku kumi! Jumamosi itaningoja siku kumi?

Jumanne, 6 Agosti

Kila mtu ni daktari. Mteja amekuja dukani kwangu kununua misumari, ameniachia ushauri wa kitunguu saumu. Mwingine, mafuta ya kondoo. Mustaf wa duka la pili ameniletea chai ya tangawizi na pilipili manga — nimeona nyota mchana. Koo limefunguka kidogo, halafu likajifunga tena.

Jioni Kamanthe amenifunika blanketi juu ya sufuria ya majani ya mkaratusi. Nikiwa huko ndani kwa mvuke, Maundu akaingia kunipa pole. Pole gani! Ameanza mazoezi ya hotuba. Nimemsikia kwa masikio yangu: "Wazee wetu, sisi hatukuja kubishana." Tumekuja kufanya nini sasa, kuchanjwa? Nimetaka kumjibu, nikakohoa mpaka sufuria ikamwagika. Ati, "Pumzika tu, Mulwa, mimi niko."

Hilo ndilo linanitisha, kwamba yuko.

Jumatano, 7 Agosti

Bado. Sauti ni ya chura.

Mutiso amekuja kutoka Ekalakala anakofundisha, shule zimefungwa. Ameketi pale kwa kiti, anazungusha kofia. Ati, "Anko, kama hutaweza ni sawa, Maundu atasema." Halafu akacheka, ati atalipa mbuzi mpaka astaafu na chaki mkononi. Amecheka peke yake. Nimeumia sana. Huyu kijana hana baba mwingine wa kusimama pale.

Nimepitia kwa Gatimu mwenye duka la dawa. Yeye hana maneno mengi ya virusi. Ametoa kapsuli za antibayotiki, zile za rangi mbili, akazipanga kwa kaunta. Ati watu wakubwa wote wakiwa na safari wanameza hizi. Ni za siku tano. Nimeangalia. Zinang'aa! Nimerudi nyumbani bila kuzinunua, nikajisifu njia nzima.

Alhamisi, 8 Agosti

Nimezinunua.

Kamanthe haambiwi. Yeye yuko upande wa daktari, anasema nikae kimya, mwili unajua kazi yake. Daktari namwelewa. Kamanthe namwelewa zaidi — tangu tuoane hajawahi kupata amani kama ya wiki hii! Jana amesikiliza redio taarifa yote mpaka hali ya hewa.

Sasa, dozi ni ya siku tano na mimi niko na siku mbili. Hapa mtu hutumia akili. Muuzaji akikwambia tano, hiyo si bei, hiyo ni mahali pa kuanzia. Nimemeza mbili pamoja, ya leo na ya kesho. Mchana tena mbili. Halafu juu ya kabati nikaona kikombe chenye kapsuli zilizobaki wakati mtoto wetu Syombua aling'oa jino. Zimepauka kidogo lakini ni za rangi hiyo hiyo. Nikatupia na hizo. Virusi ikikataa kufa itakuwa ni kiburi tu.

Ijumaa, 9 Agosti

Imerudi! Nimeamka, nimesema "Kamanthe, chai," na imetoka "Kamanthe, chai"! Iko na mkwaruzo kidogo, lakini ni ya mwanaume. Kamanthe amefumba macho kama mtu aliyepokea habari mbaya.

Nimepita kwa Gatimu kumsalimia kwa sauti. Ameambia foleni yote ni dawa yake. Mbele kidogo nimekutana na Fathia, yeye anasema si alinieleza, mwili umejiponya, ingerudi tu hata bila kitu. Nikamuuliza, sasa nani amenitibu? Akaniuliza nimemeza nini. Nikasema haraka iko, dukani kuna mteja.

Tumbo linanguruma kutoka asubuhi. Nafikiri ni furaha.

Jumamosi, 10 Agosti

Si furaha.

Naandika nikiwa chooni kwa mzee Gathogo, Matuu. Hiki kitabu nilikitia kwa koti kwa sababu ya hoja zangu. Hoja ziko hapa, sauti iko hapa, na mimi mwenyewe niko hapa! Njiani tumesimamisha gari kila penye kichaka. Tumefika, nimesalimu wazee vizuri, sauti inalia kama kengele, Mutiso anatabasamu. Wameleta uji. Gathogo akasema basi tuanze. Na tumbo likaanza kabla yake.

Choo kiko nyuma tu ya sebule. Mabati. Nasikia kila kitu. Maundu amesimama. Ngai! Anasifu uji. Anasifu boma. Anasifu mbuzi wa Gathogo, ati wamenona. Mzee wa huko ametaja mahari yao — Aiya! Hiyo ni zizi zima! Na Maundu anasema, hewala, hiyo ni kawaida, na kwa vile tumepokelewa vizuri —

Nimepiga kelele. "MAUNDU! KETI CHINI! HAKUNA KUONGEZA!" Mabati yametetemeka. Mbwa wamebweka. Sijawahi kutoa sauti kama hiyo tangu nizaliwe.

Nasikia vikombe vya uji vinawekwa chini.

Gathogo ameuliza huyo ni nani huko chooni. Mutiso, pole pole: "Huyo ndiye msemaji wetu." Halafu mzee amekohoa, akasema hakuna haja ya mgeni kuharakishwa, mwambieni aendelee hapo hapo, tunamsikia vizuri.

Wanangoja. Nasikia mtu anavuta kiti karibu na ukuta. Nianze na salamu, ama niende moja kwa moja kwa mbuzi?